SkyServer ya Sloan kwa wawindaji wa mashimo meusi madogo

Anayetaka kuchunguza mashimo meusi ya katikati ya galaksi ndogo, naye hana darubini wala fungu la kulipia muda wa darubini ya wengine, ataanzia vizuri kwenye SkyServer. Ni huduma ya mtandaoni, iliyo wazi kwa umma tangu 2001, inayotoa bure data za Sloan Digital Sky Survey, mradi wa kupima anga, zilizokusanywa kwa darubini ya mita 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico. Ubora wa data hizo hauna shaka, kwani mwaka 2013 Amy Reines, Jenny Greene na Marla Geha walichambua spektra za Sloan (mwanga uliotenganishwa kwa rangi zake) za galaksi ndogo zipatazo 25,000, wakapata 136 ambazo mistari ya rangi katika spektra zake inaashiria shimo jeusi linalomeza gesi.

Kinachonipendeza zaidi ni ukurasa wa kila galaksi, ambako picha yake na spektra yake hukaa pamoja, kiasi kwamba mtu anaweza kukuza sehemu ya mstari mwekundu wa haidrojeni, kwenye angstromu 6,563 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), akaangalia kama umetanuka kwenye kitako chake kwa sababu ya gesi inayozunguka kwa kasi karibu na shimo. Kwa SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata, mifano ya amri imewekwa tayari, nayo inaeleweka hata kwa asiye mzoefu.

Udhaifu mkubwa unatokana na chombo chenyewe. Spektra za awali zilichukuliwa kwa uzi wa kioo unaofunika sekunde 3 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na kwa galaksi ndogo iitwayo RGG 118, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 340 hivi, eneo hilo lina upana wa karibu miaka ya nuru 5,000. Mwanga wa nyota changa za eneo lote hilo huingia pamoja na ule wa kitovu, na dalili za shimo dogo humezwa humo. Sloan iliionyesha RGG 118 kuwa ya kushukiwa, lakini ilibidi darubini ya Magellan ya mita 6.5 huko Chile itumike ndipo, mwaka 2015, shimo lake likakadiriwa kuwa na uzito wa mara 50,000 tu ya ule wa Jua.

Programu ya kupima picha nayo huikata galaksi iliyo karibu vipande vipande, ikahesabu wingu la nyota kuwa galaksi inayojitegemea. Asiyekagua picha kwa macho atajaza orodha yake makombo ya galaksi kubwa. Vilevile lebo za aina ya galaksi huwekwa na kompyuta, na galaksi zenye elementi nzito chache, ambazo ndizo nyingi katika kundi hili, huweza kuandikwa kuwa za kuzaa nyota tu ilhali zina shimo.

Mwenye orodha ndefu asihangaike na ukurasa wa kawaida wa utafutaji. Afungue akaunti ya CasJobs, huduma ya kuendeshea amri za SQL kwenye data hizo, ambayo pia ni ya bure, ahifadhi majedwali yake huko na kuziacha amri nzito zijiendeshe kwenye foleni.