Basi la Lindi na kauli ya yule konda

Nilitaka kuisifia barabara ya Kusini, na nitaisifia, ila kwanza nitoe dukuduku langu.

Msimu wa korosho uliopita nilimpeleka mama Lindi kwa basi. Toka Mbagala hadi Ikwiriri safari tamu kabisa. Tulipofika Daraja la Mkapa mama akasogea dirishani, akanishika mkono mpaka tukaimaliza Rufiji. Daraja lina karibu kilomita nzima, lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni, na masika yakikolea watu walilala ng'ambo siku na siku. Mama alilala pale, mimi nikiwa mgongoni.

Mbele kidogo ya Somanga tairi la nyuma likapasuka. Sawa, tairi hupasuka. Lakini basi zima la abiria halina jeki! Masaa manne tumekaa porini, jua la utosi, mama amekalia ndoo ya kuazima, miguu imevimba hadi kamba za ndala zimezama kwenye nyama. Nikamfuata konda kwa ustaarabu: "Kaka, wapatieni wazee hata maji." Hakunijibu mimi, akamgeukia mama: "Mama, si nyie mlikuwa mnalala mtoni siku tatu? Leo masaa manne tu kelele!"

Nilitetemeka. Mama alikaa kimya, akavuta khanga akafunika miguu. Daraja limejengwa ili asilale tena njiani, halafu mtoto wa juzi anamsimanga kwa shida ileile!

Jeki tuliazimwa na dereva wa lori la korosho, akakataa hata hela ya soda. Dereva wetu, mtu mzima, aliingia chini ya basi mwenyewe, akatoka shati zima vumbi, akaja kumwomba mama radhi. Huyo simlaumu. Kwa ajili yake nilikaribia kusema kampuni ile si mbaya. Hapana, ni mbaya, jeki haikosekani kwa bahati mbaya.

Barabara yenyewe naipenda. Kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 zilizochelewa kupata lami kuliko kwingine kote, sasa unapita umesinzia. Ingawa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata palepale Somanga, magari yakakwama pande zote mbili, kwa hiyo wakati wa masika ulizia kwanza kabla hujakata tiketi.

Tulifika Lindi usiku. Konda alishusha mizigo yetu, akapanda basi, pole hakumpa mama.