Betri bapa za "polima" za Mwanjelwa: zinafaa, ila si kwa sababu ya jina

Kwa taa ya sola au redio ndogo, betri hizi laini za soko la Mwanjelwa, Mbeya, za volti 3.7, zenye ganda la alumini, zinafaa. Puuza tu maneno ya dukani kwamba "plastiki yake inapitisha umeme". Upande chanya mara nyingi ni oksidi ya kobalti na lithiamu, upande hasi ni grafiti (aina ya kaboni). Polima, yaani hiyo plastiki, kama ipo, imeloa elektroliti (kimiminika kinachobeba chaji ndani ya betri) na hupitisha ioni tu, yaani atomu zenye chaji.

Polima inayopitisha umeme kweli ni kama polianilini, jamii ya plastiki iliyowapa wanasayansi Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Nobel ya kemia mwaka 2000. Bridgestone na Seiko waliwahi kuuza betri za kidonge za polianilini miaka ya 1980. Tatizo ni kwamba elektrodi hiyo, yaani upande wa betri wenye polianilini, huchota ioni zake hasi kutoka kwenye elektroliti, hivyo elektroliti lazima iwe nyingi, na betri inakuwa kubwa kwa chaji kidogo. Tena huvimba na kusinyaa kila mzunguko, mpaka inachoka. Hiyo huipati Mwanjelwa.

Ukifika dukani, beba mita. Betri iliyohifadhiwa vizuri husoma volti 3.7 hadi 3.9, chini ya 3.0 iache, hata ikipunguzwa bei. Ilaze juu ya kioo: ikicheza, imeanza kujaa gesi.

mAh (kiasi cha chaji) za kwenye lebo usiziamini. Chaji hadi volti 4.2, kisha unganisha rizista ya ohmu 10, wati 5. Inavuta takriban 0.37 A, kwa hiyo betri ya kweli ya mAh 2000 hufika volti 3.0 baada ya saa tano na ushee. Ikifika hapo ndani ya saa mbili, umeuziwa lebo.

Kibao cha kuchajia cha TP4056 huja na rizista ya kilo-ohmu 1.2 inayopanga mkondo wa kuchaji, yaani 1 A. Kwa betri ya mAh 500 hiyo ni nyingi mno. Weka ya kilo-ohmu 3, ishuke hadi 0.4 A.

Wa Makete na Kitulo wasikilize hapa: asubuhi ya Julai yenye sakitu, usichaji betri iliyolala nje. Chini ya nyuzi 0 lithiamu haiingii ndani ya grafiti, inaganda juu yake ikiwa metali, na inaweza kutoboa hadi upande wa pili. Ilaze ndani, paneli ibaki juu ya bati.