Basiskonto ya Ujerumani: akaunti ambayo benki haikunyimi bila sababu

Ukiwa mgeni Ujerumani, bila akaunti mshahara hauna pa kuingia na kulipa kodi ya chumba ni mateso. Basiskonto iliwekwa kwa ajili hiyo. Tangu Juni 2016, sheria inazilazimisha benki kumfungulia akaunti hii yeyote anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, wakiwemo waomba hifadhi na wasio na makazi.

Dirishani itaje kwa jina: Basiskonto. Ukisema tu unataka akaunti, utajaziwa ya kawaida, na hiyo benki ina hiari ya kuikataa. Beba pasipoti au hati uliyopewa na idara ya wageni, andika jina lako kama lilivyo humo herufi kwa herufi, kisha baki na nakala ya fomu yenye tarehe. Fomu ikikamilika, benki ina siku 10 za kazi za kukujibu. Ikikataa lazima itoe sababu kwa maandishi, mfano kwamba una akaunti nyingine Ujerumani inayofanya kazi. Usiporidhika, peleka malalamiko BaFin, mamlaka inayosimamia benki.

Wengi hukwama kwenye sanduku la barua. Kadi huja na bahasha yake, namba ya siri na nyingine, kwa siku tofauti. Anwani za huko kwa kawaida huishia kwenye namba ya jengo, kwa hiyo tarishi hutafuta jina. Kama umepanga chumba kwa mtu na jina lako halijabandikwa kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka. Bandika jina kabla ya kujaza fomu.

Kwa matumizi ya kila siku inatosha kabisa: unapokea mshahara, unatuma, unatoa pesa kwenye mashine. Ila kwa kawaida huruhusiwi kuchukua zaidi ya salio. Malipo ya simu, bima na umeme yakikatwa moja kwa moja kwenye akaunti wakati haina kitu, yanarudi na kampuni inakuongezea gharama. Makato yoyote ya moja kwa moja ya aina hiyo unaweza kuyarudisha ndani ya wiki 8, hivyo pitia taarifa ya akaunti kila mwezi. Kadi ikipotea, piga 116 116 uifunge.

Udhaifu wake ni ada ya mwezi: baadhi ya benki hutoza zaidi ya akaunti zao za kawaida, kwa hiyo linganisha kwanza. Mwanafunzi aanze kwa kuulizia akaunti ya wanafunzi, ambayo mara nyingi ni ya bure.