Alginati na jelatini za wino wa seli: nilichokiona baada ya wiki sita

Nilinunua gramu 100 za alginati ya sodiamu na kiasi kama hicho cha jelatini katika duka moja la vifaa vya maabara Kariakoo, kwa ajili ya mazoezi ya kuchapa tishu, yaani kupanga tabaka juu ya tabaka, kwa sindano ya printa, haidrojeli (jeli iliyojaa maji) ambayo baadaye itabeba seli hai.

Alginati hutokana na mwani wa kahawia, si ule unaolimwa Zanzibar, ambao hutoa karajinani. Alginati hii imenifurahisha sana. Gramu 3 ziliyeyuka katika mililita 100 za maji kwa kukorogwa polepole usiku kucha, bila kuacha madonge, na uzi uliotoka sindanoni ulianza kuganda mara ulipogusa mmumunyo wa kalsiamu kloraidi, kwa sababu ioni za kalsiamu hufunga minyororo ya polima. Ni kweli kwamba umbo hulegea taratibu ndani ya kimiminika cha kukuzia seli, ambacho fosfeti zake huivuta kalsiamu hiyo, lakini hiyo ni tabia ya alginati yoyote, nami siwezi kulilaumu duka.

Jelatini ndiyo iliyonisumbua. Hatuwezi kuiacha, kwa kuwa seli hazina pa kujishikiza kwenye alginati tupu, ilhali jelatini, inayotokana na kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ya wanyama, huzipa mahali hapo. Hata hivyo, hulegea joto likikaribia nyuzi 30, na mchana wa Januari Dar es Salaam hufika huko bila taabu. Siku umeme ulipokatika na kiyoyozi kuzima, kimia nilichokuwa nimekichapa kwa saa nzima, kabla sijakitia kalsiamu, kilitandaa kama uji. Siku hizi nachapa alfajiri, na bomba la sindano hukaa kwenye jokofu hadi dakika ya mwisho.

Joto ningelivumilia, lebo siwezi. Haitaji uimara wa jeli, wala haisemi kama imetoka kwa ng'ombe au nguruwe, jambo ambalo wenzangu Waislamu maabarani wana haki kamili ya kulijua. Muuzaji alijibu kwa upole kwamba hata yeye hakuambiwa. Alginati nitainunua tena kwa mazoezi, ingawa si kwa seli zenyewe, kwa kuwa ni ya daraja la chakula na haikusafishwa kwa kazi hiyo. Jelatini sitainunua mpaka lebo ikamilike.