Roketi ya kwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia Hobby Lobby, duka la vifaa vya sanaa na kazi za mikono, au duka lolote la aina hiyo hapa Marekani, utakuta rafu nzima ya roketi za kuunda mwenyewe, na maboksi mengi yanajinadi kwa futi ambazo roketi inapaa. Namba hiyo inauza sana, lakini pia ndiyo inayopoteza roketi. Anayeanza anunue ile atakayoiona angani mwanzo hadi mwisho, kisha akaiokote. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

1. Estes Alpha III, ile ya seti kamili

Estes ni kampuni ya Colorado iliyoanza mwaka 1958, na kwa anayeanza hapa ndiyo rahisi kupata. Seti ina roketi ya sentimita 31 hivi, kituo cha kurushia chenye fimbo ya chuma, na swichi ya kuwashia inayotumia betri. Ninaiweka juu kwa sababu ya mapezi yake: ni ya plastiki, yameungana kipande kimoja, hata mtoto akiunda peke yake hayakai upande. Kituo na swichi vitakufaa pia kwa roketi zitakazofuata. Soma boksi kabla ya kulipa, maana injini, yaani vile vijiti vya baruti vinavyowaka mara moja tu, mara nyingi hazimo.

2. Big Bertha, nayo ya Estes

Kama kituo cha kurushia unacho tayari, anza na hii. Ina urefu wa sentimita 61 na tumbo lenye upana wa zaidi ya sentimita 4, kwa hiyo hupanda taratibu na jicho linaifuata bila shida. Mimi sijaona roketi ndogo inayopendeza kuondoka kuliko hii. Mapezi yake ni ya mbao laini ya balsa na yanataka subira: msasa kwanza, gundi ya mbao, acha ikauke, kisha pitisha mstari mwembamba wa gundi pande zote mbili pezi linapokutana na mrija ambao ndio mwili wa roketi. Kabla ya kubandika, hakikisha nyuzi za mbao zinafuata ukingo wa mbele wa pezi. Zikikaa kinyume, pezi linavunjika roketi inapotua.

3. Alpha ya kawaida

Umbo lake linakaribiana na Alpha III, ila mapezi ni ya balsa. Huuzwa pia kwa pakiti ya 12, na kwa mwalimu au madrasa yenye watoto wengi hakuna chaguo bora zaidi.

4. Vijiroketi vyembamba

Bei yake inavutia, lakini ukivitilia injini kubwa vinapotea machoni mara moja. Viache hadi uzoee.

Sasa injini, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotupwa. Chukua iliyoandikwa A8-3. Herufi ni jumla ya nguvu, na kila herufi inayofuata huongeza kikomo maradufu: A ni hadi nyutoni-sekunde 2.5 (yaani msukumo mara sekunde unazodumu), B hadi 5, C hadi 10. Namba ya 8 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Ya 3 ni sekunde ambazo roketi inaendelea kupaa baada ya msukumo kuisha, kabla ya chaji ndogo ya baruti kulipuka na kusukuma parashuti nje. Alpha III ianze na A8-3. Big Bertha inatoshwa na B6-4. Injini inayoishia na 0, kama C6-0, usiiguse: ni ya ngazi ya chini ya roketi za ngazi mbili, zile ambazo injini ya pili huwaka ya kwanza ikiisha, na haina chaji ya kutoa parashuti. Ulaya utakutana pia na injini za Klima ya Ujerumani, nazo husomwa vivyo hivyo.

Ongeza kwenye kapu karatasi zisizoshika moto, za kukinga parashuti dhidi ya ile chaji. Wengi huzisahau, parashuti ikarudi imeyeyuka. Poda ya mtoto nayo haina gharama: nyunyiza kwenye parashuti kabla ya kuikunja, hasa siku ya baridi, la sivyo plastiki inagandana na haifunguki.

Uwanja nao ni sehemu ya manunuzi. Kanuni za National Association of Rocketry, chama cha warusha roketi ndogo cha Marekani, zinataka upana wa mita 30 hivi kwa injini ya A na kama mita 120 kwa C, watu wakae angalau mita 5 kutoka kwenye kituo, na upepo usizidi kilomita 32 kwa saa. Injini ikigoma kuwaka, toa ufunguo wa swichi na usubiri sekunde 60 kabla ya kuisogelea.

Na kama unamnunulia mpwa aliyeko Mombasa au Mwanza, injini hizi usizitie kwenye mizigo: haziruhusiwi ndani ya ndege, si begi la mkononi wala lile la chini. Mnunulie kituo cha kurushia roketi ya maji, ile inayosukumwa na maji na hewa iliyoshindiliwa. Huko atahitaji chupa ya plastiki ya soda, maji theluthi moja, na pampu ya baiskeli. Iwe ya soda kweli, kwa kuwa imetengenezwa kuhimili gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba mno. Mwambie asiinamie chupa wakati wa kujaza upepo.