Rabbit Fur Coat: Jenny Lewis nje ya bendi

Albamu hii, Rabbit Fur Coat, niliinunua kwa ajili ya bendi ya Jenny Lewis, si kwa ajili yake mwenyewe. Rilo Kiley, wale wanaroki wa Los Angeles, niliwapendea albamu yao More Adventurous ya 2004. Niliposikia mwimbaji wao Jenny Lewis ametoa ya kwake mwaka 2006, tena ya kantri, nilidhani anapumzika tu. Kwetu kantri ilikuwa ya wazee: Jumapili jioni, redio, Jim Reeves, na baba amefumba macho.

Wimbo wa kwanza hauna ala hata moja. Ni sauti tatu, yake na za mapacha Chandra na Leigh Watson ambao majina yao yako kwenye jalada pamoja na lake, na baada ya kama dakika moja umekwisha. Nimeimba kwaya miaka mingi, sauti ya pili, nikajikuta naitafuta nafasi yangu mle ndani. Hao mapacha peke yao wanatosha kurudisha hela yako. Hawamfuniki. Wanaitikia palepale panapouma, kama waimba injili, wakati mwenzao anaimba mashaka yake juu ya Mungu. Sauti ni za kanisani, maneno ni ya mtu aliyesimama mlangoni na hajui kama aingie. Kwenye bendi sikuwahi kuyasikia hayo.

Wimbo uliobeba jina la albamu ndio ninaourudia zaidi. Gitaa kavu na kisa: mama, koti la manyoya ya sungura, umaskini, binti anayegeuka kuwa chanzo cha pesa. Lewis aliigiza tangu utotoni, kwa hiyo unasikiliza huku unajiuliza kipi kilimtokea kweli. Hakuna kiitikio cha kukupumzisha, unasimuliwa tu hadi mwisho, na huko mwisho mama na binti hawapatani.

Kinachonikera ni "Handle with Care", wimbo wa kundi la Traveling Wilburys aliourudia. Amewaita waimbaji wenzake M. Ward, Conor Oberst na Ben Gibbard wapokezane naye beti. Wanafurahi kweli, lakini wameingia bila hodi wakati sisi tulikuwa tunazungumza mambo mazito. Huwa nauruka.

Anayetaka magitaa ya umeme ya Rilo Kiley atachoka mapema. Mimi nilimpigia baba simu nikamsikilizisha ule wa kwanza. Akanyamaza, kisha akauliza ni kwaya ya wapi.