Raspberry Pi ya kutumia kama kompyuta ya mezani: uliza chaja kabla ya bodi

Mwaka jana nilimnunulia mpwa wangu Raspberry Pi 4 ya GB 4, kompyuta ndogo ya bodi moja tu, pale Kariakoo, aache kugombania laptop yangu. Muuzaji akanifungia na chaja "ya bure", nyeupe, imeandikwa 5V 3A ubavuni. Nikapakia mfumo endeshi kwenye memori kadi, nikawasha, aikoni zikajipanga kwenye skrini, mtoto akashangilia. Baada ya dakika kumi kivinjari kikaanza kujikokota. Siku ya tatu haikuwaka kabisa. Nikapakia upya. Wiki ikapita, mfumo ukafa tena. Nikanunua kadi mpya, ya bei kubwa, nayo ikaenda njia hiyo hiyo. Fundi mmoja akaniambia, "Dada, hivi vitu ni vya kuchezea, si kompyuta." Nilikaribia kumwamini.

Kumbe siku zote hizo kulikuwa na alama ndogo ya radi, ya njano, ikitokea kona ya juu kulia na kupotea. Maana yake umeme unaofika kwenye bodi umeshuka chini ya volti 4.63. Hapo prosesa inapunguzwa kasi kwa makusudi ili bodi isizime. Umeme ukishuka zaidi, bodi inajizima na kujiwasha, na ikiwa kadi ilikuwa katikati ya kuandikwa, mafaili ya mfumo yanaharibika. Nilibadilisha chaja peke yake. Bodi ni ile ile, kadi ni ile ile, na mpaka leo mpwa wangu anaandikia kazi zake za shule humo.

Wasomaji watatu wameniandikia malalamiko yanayofanana na haya, na wote walikuwa wameshalaumu kadi. Kwa hiyo habari za RAM na kasi ya prosesa utazisoma kwingine. Mimi ninapanga hizi kompyuta kwa swali moja: ni rahisi kiasi gani kuipatia umeme wa kutosha?

Elewa kwanza waya. Kwenye volti 5 hakuna nafasi ya kupoteza. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2 tu, ukipitisha ampea 3, unakula volti 0.6. Chaja inatoa 5, bodi inapata 4.4. Ndiyo maana chaja rasmi ya Pi 4 inatoa 5.1 badala ya 5, na waya wake ni mnene na hauchomoki. Chaja nyingi za simu za "fasti" hazisaidii: wati zake kubwa zinapatikana kwa kupandisha volti hadi 9 au zaidi, na Pi haitaki 9, inataka 5. Kwenye 5, nyingi zinaishia ampea 2.

Basi, chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni Raspberry Pi 400. Ilitoka Novemba 2020, kompyuta nzima imo ndani ya kibodi, RAM ni GB 4. Inatosheka na ampea 3. Haihitaji feni kwa sababu ndani kuna bamba la chuma linalosambaza joto. Ukiipata ile seti kamili, ndani ya boksi mna chaja yake rasmi, kipanya, waya wa HDMI na kadi iliyokwisha kupakiwa mfumo. Kwa mwanafunzi au karani wa duka, sioni cha kuipita. Ukifungua tabo ishirini kwa pamoja itachoka, hilo nakubali.

Ya pili ni ndugu yake mkubwa, Raspberry Pi 500, ya Desemba 2024: GB 8 na kasi kubwa zaidi, lakini inunue na chaja ya wati 27.

Ya tatu ni Raspberry Pi 5. Ina nguvu, ila hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Inataka ampea 5 kwenye volti 5, na chaja za namna hiyo ni chache. Ukiipa chaja ya ampea 3 itawaka, halafu itabana matundu yote ya USB kwa pamoja yagawane miliampea 600 badala ya 1,600. Chomeka diski ya nje uone inavyokatika. Chaja ya laptop ya wati 65 haikuokoi: nguvu zake ziko kwenye volti 20, na kwenye 5 kwa kawaida inaishia ampea 3. Weka pia bajeti ya feni.

Pi 4 iwe ya nne. Ukinunua iliyotumika, jihadhari na toleo la kwanza la 2019. Lina kasoro kwenye tundu la USB-C, na nyaya fulani za laptop zenye chipu ndani haziiwashi kabisa. Kwa chaja rasmi haina shida.

Mini PC za mtumba za Dell, HP au Lenovo zinakuja na adapta zao, na anayelazimika kutumia Windows achukue hizo. Raspberry Pi Zero 2 W, ile ndogo kabisa, ina RAM ya MB 512, si ya mezani.

Bei sigombi sana. Pi 4 ya GB 4 ilitangazwa kwa dola 55, mimi nililipa karibu maradufu, na najua kuna usafiri, ushuru na kodi ya fremu. Kinachoniuma ni muuzaji kufungua seti, akauza chaja rasmi peke yake kwa bei yake, kisha akamrushia mteja chaja ya simu kama zawadi. Mzazi aliyedunduliza miezi sita anaondoka na ugonjwa ndani ya mfuko, na akirudi anaambiwa kadi yake feki.

Kwa hiyo jaribu hapo hapo dukani. Nenda na kadi uliyoipakia mfumo nyumbani kwa programu ya Raspberry Pi Imager, chomeka flashi na kipanya, cheza video dakika tano, halafu fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, lipa. Ikijibu 0x50000, umeme ulishuka tangu ilipowashwa. 0x50005, unashuka sasa hivi. Mwambie alete chaja nyingine, urudie. Akikataa kuwasha mbele yako, duka linalofuata liko hatua kumi tu.